Daftari Analo Nani?

Leo tunazungumza juu ya askari waliokwisha kuvua gwanda, na swali wanalokutana nalo wanapofika dirishani kudai chao: wewe unastahili kwa lipi, na ushahidi wako uko wapi? Swali lenyewe ni halali. Fedha ya umma haigawiwi kwa kila ajaye na hadithi ya vita. Lakini ukifuatilia habari za askari wa kwetu, wa vita vya wakoloni na wa vita vya baada ya uhuru, utakutana na jambo lile lile kila mara. Anayetakiwa kuthibitisha ni yule asiye na daftari. Mwenye daftari amekaa upande wa pili wa meza, anangoja aone kama mzee atashindwa.

Twende kwanza Berlin, mwaka 1929. Mwaka huo aliteremka Ujerumani kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Dar es Salaam, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alisafiri akiwa mhudumu wa meli. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki, lile lililoitwa Schutztruppe. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 mtoto naye akaingizwa jeshini, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Alikuwa na miaka kumi. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, kisha akaangukia mikononi mwa Waingereza. Baba yake hakuuona mwisho wa vita vile.

Basi Husen alipofika Berlin alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje akiwa na dai la wazi kabisa: mishahara yake na ya marehemu baba yake iliyokuwa haijalipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Muda wa kuwasilisha madai ya namna hiyo ulikuwa umekwisha. Aliyekuwa akidaiwa ndiye aliyepanga siku ya mwisho ya kudaiwa, na aliipanga Berlin, wakati wanaomdai walikuwa Tabora, Songea, Mwanza na Lindi, katika nchi iliyokuwa sasa chini ya Mwingereza.

Husen alibaki Ujerumani. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu nyingi za Wajerumani, mara nyingi kama mtumishi mweusi nyuma ya bwana mweupe. Mwaka 1934, serikali ya Hitler ilipokuwa ikiwatunuku nishani wapiganaji wa zamani, naye akaiomba. Akanyimwa, maana watu weusi hawakuhesabiwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo mbele ya nyumba aliyoishi Berlin kuna kibamba cha shaba barabarani chenye jina lake. Mshahara wa baba yake haukulipwa.

Nimeanza na huyu kwa sababu hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia kwamba hakutumikia. Alikuwa na kovu. Alizungumza lugha ya jeshi lile. Aliwafuata hadi mlangoni kwao. Hata hivyo mlango ulikuwa na kufuli moja ambayo kovu haliwezi kuifungua, nayo ni tarehe.

Sasa turudi nyumbani, mwaka 1964. Mwaka huo Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kwamba askari wa Schutztruppe waliokuwa bado hai walipwe malimbikizo yao. Ilikuwa imepita miaka 46 tangu kikosi cha mwisho cha Jenerali von Lettow-Vorbeck kiweke silaha chini kule Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari Waafrika waliobaki naye siku ile walikuwa elfu moja na mia kidogo, na walikuwa wakimdai mishahara ya muda mrefu. Fedha taslimu hazikuwepo. Waliondoka na karatasi.

Vitabu vya historia ya vita hivyo vinasimulia kwamba mhasibu alitumwa Mwanza kufungua ofisi ya muda ya malipo, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa bado na karatasi walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Wengi walikuja mikono mitupu. Basi mhasibu, ndivyo isemwavyo, akachukua fagio, akawa anampa mzee mmoja mmoja, na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki watu hukisimulia kwa kicheko na mshangao: tazama nidhamu ya Wajerumani, nusu karne na mzee bado anakumbuka! Mimi kinanisumbua. Nakubali kuna jambo jema ndani yake. Mhasibu yule, kama kweli alifanya hivyo, hakuwafukuza watu kwa kukosa karatasi. Alitafuta ushahidi mwingine, akaukuta kwenye viungo vya miili yao, akaupokea. Wakuu wengi wa ofisi zetu leo hawajafika hapo.

Lakini mfikirie mzee aliyepoteza mkono wake vitani. Ataliweka fagio begani kwa mkono upi? Kipimo kile kilimtambua askari aliyerudi mzima, kikamshinda aliyerudi kilema, ambaye ndiye mwenye dai zito kuliko wote. Mfikirie aliyekuwa na kiharusi siku ile, amelala kwa mjukuu wake Shinyanga. Mfikirie mjane aliyefuatana na mumewe porini kwa miaka minne, kwa maana askari wa Schutztruppe walitembea na wake zao na watoto, na wanawake hao ndio waliopika, waliobeba na waliouguza. Hakuna fagio la mjane.

Na mfikirie mpagazi. Yeye hakufundishwa bunduki hata siku moja. Alibeba sanduku la risasi kichwani kutoka Korogwe hadi Rufiji, na Rufiji hadi mpaka wa Msumbiji. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wa vita vile hukadiriwa kufika milioni moja, waliokusanywa kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika yenyewe na kwingineko. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Soko letu la Kariakoo limesimama mahali palipokuwa na kambi yao, na Kariokor ya Nairobi ni hivyo hivyo. Majina ya mitaa yamebaki. Majina ya watu hayakubaki.

Hapo ndipo panapouma. Mpagazi aliandikwa na karani ambaye pengine hakujua lugha yake, kwa jina lililoandikwa jinsi lilivyosikika, na kijiji kilichoandikwa jinsi kilivyokisiwa. Alipokufa njiani, ujira wake ulikuwa na hesabu lakini haukuwa na mtu. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia ndugu zao. Ilibaki kwenye vitabu vya serikali kama fedha zisizo na mwenyewe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya jinsi ilivyowakumbuka waliokufa katika vita vile. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume ile inashughulika na makaburi, haishughuliki na pensheni. Lakini msikilizaji, dai la familia na jina lililoandikwa kaburini vinatoka kwenye daftari moja. Pale ambapo serikali haikujali kuandika jina, ilijiondolea deni.

Nigusie na Ufaransa, maana wao walikuwa na daftari kamili na bado wakapata njia. Sheria ya fedha ya tarehe 26 Desemba 1959 iligandisha pensheni za askari wa zamani wa makoloni. Mfaransa aliyepigana katika handaki moja na Msenegali alikuwa akiongezewa kila maisha yanapopanda. Msenegali, kuanzia mwaka 1975, alibaki palepale. Wanajeshi wastaafu 743 wa Senegal walipeleka shauri Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 3 Aprili 1989 kamati ikasema wamebaguliwa. Mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa yenyewe ikafikia hukumu ya namna hiyo Novemba 2001. Bado viliendelea viraka na hesabu za vipande hadi Baraza la Katiba lilipobatilisha tofauti hizo Mei 2010. Nusu karne. Wangapi walikuwa hai kupokea?

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kisa cha karibu zaidi ni cha Keya, askari wa King's African Rifles na vikosi vilivyokuwa pamoja nao. Katika vita vya pili vya dunia waliandikishwa takriban watu 300,000 kutoka ukanda huu. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakavuka bahari kwenda Burma, kwenye matope na malaria ya bonde la Kabaw. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyowabeba kutoka Mombasa, Khedive Ismail, ilizamishwa na Wajapani karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walipewa kiinua mgongo cha mara moja, na wengi wao hawakuona pensheni ya kila mwezi. Hapa nieleze kidogo, maana tunachanganya sana. Kiinua mgongo ni fedha ya mkupuo unayopewa unapoondoka, kisha mmeagana. Pensheni huja kila mwezi mpaka ufe, na pengine humfuata mjane. Malipo ya ulemavu ni jambo la tatu: hayatazami ulitumikia miaka mingapi, yanatazama kazi imekuharibu kiasi gani. Askari wa miaka miwili aliyevunjika mgongo anaweza asistahili pensheni ya utumishi, na bado akastahili malipo ya ulemavu maisha yake yote. Ukichanganya haya matatu utamfanya mtu aondoke dirishani akiamini hana haki yoyote, kumbe amekosa moja tu.

Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua hati ya zamani ya serikali ya Uingereza yenye viwango vya kiinua mgongo cha vita. Askari mweupe wa cheo cha chini anayeishi katika koloni la Afrika alilipwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Askari mweusi wa cheo hicho hicho, shilingi 3 na nusu. Ilikuwa sera, imepigwa chapa. Kustahili kwao hakukukataliwa. Kulikatwa kwa karibu theluthi mbili kabla mtu hajafika dirishani, na hakuna hati ambayo askari angeleta ili kubadili hesabu hiyo, kwa sababu kilichopimwa ni ngozi yake.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kama paundi milioni 12 kwa ajili ya wapiganaji wazee wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, ili wenye shida wapate milo miwili kwa siku. Sitaibeza milo miwili. Mzee wa miaka 95 mwenye njaa hapaswi kusubiri mjadala. Ila fedha ile ilitolewa kwa jicho la huruma, kwa anayeonekana maskini vya kutosha. Aliyepigana Burma na mwanawe akamjengea nyumba ya bati jipya pengine hakuhesabiwa, ingawa walimpunja sawasawa na mwenzake.

Tuje sasa kwenye ulemavu wenyewe, maana hapa ndipo wastaafu wa leo wanapohangaika. Mguu uliokatwa hauhitaji wakili. Shida ni maradhi yasiyoonekana, na yale yanayochelewa.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyekuwa kwenye mizinga katika vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Ukimtembelea atakukaribisha ukae upande wake wa kulia, na usipokaa atageuza kiti yeye mwenyewe. Sikio la kushoto halisikii. Wajukuu wamezoea, mgeni hudhani mzee ana kiburi. Nyaraka zake zimo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bati lililokuwa la biskuti: hati ya kustaafu, picha ya kikosi iliyoliwa na unyevu pembeni, risiti, barua aliyojibiwa alipoulizia malipo ya ulemavu. Barua ile haina matusi wala ubishi. Inasema tu kwamba katika faili lake hakuna kumbukumbu ya jeraha la sikio.

Na ni kweli haipo. Mwaka 1979 nani alimpima sikio? Vijana walirudi kutoka Uganda wakiwa washindi, nchi imechoka, hazina tupu. Aliyekuwa na risasi mwilini alipelekwa hospitali. Aliyekuwa na mlio sikioni aliambiwa utaisha. Leo mwandishi wa barua hadanganyi, na mzee hadanganyi, na kati yao kuna karatasi ambayo ilipaswa kuandikwa na mwajiri na mwajiri hakuiandika. Kwa nini hasara ya karatasi hiyo aibebe mzee?

Yapo mataifa yaliyolijibu swali hili kwa sheria. Nitatoa mfano wa Marekani, ambako wapo vijana wazaliwa wa Kenya na nchi jirani waliojiunga na jeshi, na huenda baadhi ya ndugu zao wananisikiliza. Ili ulipwe fidia ya ulemavu kule unatakiwa kuonyesha mambo matatu: una ugonjwa au ulemavu leo, kuna jambo lilikupata ukiwa jeshini, na vitu hivyo viwili vinaungana. Daktari haombwi aape kwamba ana hakika. Anaulizwa kama uwezekano wa ulemavu huo kutoka jeshini unafika angalau nusu kwa nusu. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaamuru uamuzi umwendee askari. Na ushuhuda wa askari wenzako na wa mke wako, kwamba ulikwenda ukiwa unasikia na ukarudi husikii, unapokelewa na kupimwa.

Wakaenda mbele zaidi. Askari wao waliopigana Vietnam walipoanza kuugua saratani, hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitisha kwamba tone fulani la dawa ya kuua majani, ile iliyoitwa Agent Orange, ndilo lililomgusa. Sheria ya mwaka 1991 ikaweka dhana: kama ulikuwa Vietnam kipindi kile, na una ugonjwa uliomo kwenye orodha, basi umetokana na huko. Agosti 2022 dhana hiyo ikapanuliwa kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Maana yake ni kwamba serikali, ambayo ndiyo iliyojua ilichoma nini na wapi, ndiyo ibebe shaka.

Wanayo pia pensheni nyingine, kwa aliyetumikia kipindi cha vita, mwenye kipato kidogo, ambaye ametimiza miaka 65 au ana ulemavu wa kudumu. Hiyo haimdai athibitishe kwamba ulemavu ulitoka jeshini. Ina masharti yake: muda wa utumishi, mali uliyo nayo, na kwamba hukufukuzwa jeshini kwa aibu. Simsifu Mmarekani kupita kiasi. Taifa hilo hilo, Februari 1946, lilipitisha sheria iliyowanyang'anya Wafilipino waliopigana chini ya bendera yake hadhi ya maveterani, na walipokuja kulipwa kitu mwaka 2009 kilikuwa dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani na 9,000 kwa asiye raia, mara moja, baada ya miaka 63. Sheria nzuri ilikuwepo. Wao waliachwa nje ya mlango wake. Ninachokitaka kutoka kule ni kanuni ya shaka, na kanuni ya dhana.

Kanuni hizo mbili zingemfaa nani hapa kwetu? Zingemfaa mzee wa mizinga, kwa kuwa haihitaji utafiti mkubwa kujua kwamba mtu aliyefyatua mizinga kwa miezi ataumia masikio. Tamka kwa sheria: aliyekuwa kikosi cha mizinga Kagera na leo hasikii, sikio lake limekwenda vitani. Zingewafaa na mgambo. Mwaka 1978 na 1979 Tanzania iliita maelfu ya mgambo waongeze nguvu za jeshi, na vita vilipokwisha wengi wakarudi mashambani. Mgambo hana miaka ya utumishi ya kumpa pensheni, na hilo naweza kulielewa. Lakini bomu la kutegwa halikumuuliza aliyelikanyaga kama ameajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Katika ulemavu na katika kifo, tofauti ya askari na mgambo haina maana yoyote ninayoweza kuitetea, kama vile tofauti ya askari na mpagazi haikuwa nayo.

Na zingewafaa vijana wanaotumwa nje leo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, mashariki mwa Congo, ilishambuliwa, wakauawa askari wasiopungua 14 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wengine wengi wakajeruhiwa. Wakenya wanaikumbuka El Adde ya Januari 2016 huko Somalia, kambi ya askari wao iliposhambuliwa. Waganda na Warundi wamezika vijana wengi kutoka Somalia hiyo hiyo. Jambo moja ambalo familia nyingi hazijaambiwa: kwa askari aliye chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, familia haipeleki madai New York. Serikali yake ndiyo inayowasilisha dai la kifo au ulemavu, na malipo hupitia kwa serikali hiyo. Mjane aliye Tarime au Kitui hawezi kujua dai la mumewe limefika wapi isipokuwa aambiwe na makao makuu ya jeshi. Basi aambiwe, kwa barua, kwa Kiswahili, kwa tarehe. Dai limewasilishwa lini. Limejibiwa lini. Kimelipwa kiasi gani. Hakuna siri ya vita ndani ya hayo.

Wabunge wetu wanaposikia haya hujibu kwamba ukilegeza ushahidi watajaa waongo. Watakuwepo, sikatai. Lakini orodha ya vikosi ipo. Tarehe za kupelekwa mstari wa mbele zipo. Malori yaliyowabeba yaliandikwa, chakula walichokula kiliandikwa. Afisa mwenye faili anaweza kumtambua mwongo kwa nusu siku akitaka kulifungua. Kinachoombwa ni afungue yeye, badala ya kumtuma mzee wa miaka 70 kwa basi la usiku mara tatu kwenda kutafuta nakala ya karatasi iliyomo kwenye kabati nyuma ya kiti cha afisa huyo huyo.

Mpaka sheria zibadilike, msikilizaji mwenye askari nyumbani, nakuomba ufanye haya, na uyafanye yeye akiwa bado kazini. Kila anapoumia, hata akiteguka kifundo kwenye mazoezi, aandikishe zahanati ya kikosi na abaki na nakala. Masikio, macho, mapafu na usingizi vyote vipimwe kabla hajatia sahihi ya kustaafu. Akishaondoka, kupimwa kwa daktari wa nje hakutakuwa na uzito ule ule. Akiwa na wenzake walioshuhudia ajali, wapeane namba za simu na majina kamili yenye namba za jeshi, maana miaka thelathini baadaye ushahidi unaweza kuwa ni mzee mmoja aliyeko Mtwara ambaye hakuna ajuaye anakoishi.

Na wewe mke wa askari, kaulizie jina lako limeandikwaje kwenye fomu yake ya mrithi. Kama kitambulisho chako cha taifa kinasema Mwanahamisi na fomu inasema Mwanaamisi, rekebisheni mwezi huu, mume akiwepo, kwa hati ya kiapo. Kama mlifunga ndoa ya kimila au nikaha isiyosajiliwa, isajilini. Watoto wote wawe na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba lililo sawa herufi kwa herufi na lile lililo jeshini. Kama mko wake wawili, muwemo wote wawili, na kila mmoja ajue kwamba mwenzake yumo. Nakala za vyote hivyo ziwekwe nyumba mbili tofauti, kwako na kwa ndugu unayemwamini, ili nyumba moja ikiungua au ikiingia maji, nyingine ibaki nazo.